Sauti ya Jannat

Subira alipokwenda kuoga, kisu cha marehemu nyanya kilikuwa chini ya godoro la mtoto. Aliporudi, kilikuwa sebuleni, kimenata mgongoni mwa spika.

"Mama Jannat, hiyo ni sumaku tu," mumewe Hafiz alisema bila kuinua kichwa. "Neodimiamu. Kipande kama kifungo cha shati kinainua nyundo. Hata hii simu yangu iko nacho, kama punje ya mchele. Mradi sumaku usiiweke karibu na jiko. Joto huiua."

Nadhira, dada yake Hafiz, alikuwa ametoka chuoni kuja kumsaidia wifi yake aliyejifungua. Spika ile ilikuwa imemkera tangu siku ilipoingia nyumba yao ya Majengo, mjini Nyeri. Kazi ya Hafiz ilikuwa kubomoa spika, kompyuta na mota za pikipiki za umeme zilizokufa, kutoa sumaku zake zinazong'aa kama fedha na kuziuza. Hii aliinunua Naro Moru, akakataa kuibomoa. Ati ni nzuri sana.

"Kisu kimetoka chumbani, kaka. Mlango ulikuwa umefungwa. Sumaku gani inafungua mlango?"

"Wewe bingwa wa midahalo, tafuta mtu wa kushindana naye. Mimi niko na kazi."

Nyumbani kwao mtoto hakulazwa bila chuma kabla ya siku arobaini, kwa sababu jini huogopa chuma. Jannat alikuwa na siku kumi na tisa. Subira alikirudisha kisu. Kesho yake asubuhi kilikuwa mgongoni mwa spika tena, na sebule nzima ilinuka waya ulioungua.

Siku ya tatu, adhuhuri, ukungu wa mlimani ukiwa umeziba madirisha, Jannat alifungua kinywa kulia. Uso ulimwiva, ulimi ukatetemeka, ngumi zikakaza, lakini kinywani hamkutoka kitu, na Subira alipomwinamia aisikilize pumzi yake alisikia kilio cha mwanawe kikitoka sebuleni, wazi kabisa, katika spika isiyo na waya hata mmoja, kikipanda kadiri kifua cha mtoto kilivyozidi kutulia.

"Wifi," alimnong'oneza Nadhira, "jini anammaliza."

Maalim Jamal alikuja na kusoma Kurani hadi jasho likamtoka. Kilio kilipungua, hakikukoma.

"Nitasoma mpaka kesho mkitaka," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini mmemkaribisha jini katika kitu ambacho chuma chenyewe hukikimbilia. Kisu kitamlinda nani? Kitoeni."

"Kuna mteja anakuja Ijumaa, maalim," Hafiz alisema. "Mpaka Ijumaa tu."

"Na leo ni Jumanne," Nadhira alisema. "Siku tatu, mtoto apumue na nini? Na pesa za mteja wako?"

"Punguza mdomo. Hii ni nyumba yangu."

"Basi ukae nayo. Spika ndiyo inatoka."

Nadhira aliibeba mwenyewe hadi uani, ikimvuta kuelekea kila msumari wa ukutani, na makaa ya jiko yalikuwa mekundu alipoilaza juu yake kifudifudi, akaongeza makaa mengine mgongoni kwa koleo. Karatasi ya spika ilishika moto, na ndani ya moto Jannat alilia, kisha akaongea, mtoto wa siku ishirini na moja, akamwita Nadhira shangazi, akamwomba kwa upole amtoe anaungua, na Nadhira, machozi yakimtoka kwa hasira iliyompita kimo, alimwaga gunia lote la makaa lililobaki na kupepea, akapepea mpaka kile kisu kilichonata mgongoni kikalegea, kikaanguka. Kimya.

Halafu, chumbani, mtoto alilia. Kwa kinywa chake. Subira alimpa titi, akanyonya.

Hafiz alikuja uani, akatazama majivu, akatikisa kichwa. Alitoa simu iliyozimika, akaipunga mbele ya dada yake kabla ya kuirudisha mfukoni. Midomo yake ilisema: sasa utachoma simu za Nyeri nzima?

Akacheka. Nadhira aliyaona meno, akaiona shingo ikitikisika.

Kicheko kilitoka mfukoni.

Hafiz alishika koo lake kwa mikono miwili. Miguuni pa Nadhira, kisu kiligeuka polepole kwenye majivu, ncha ikamwelekea kaka yake.