Mjomba Musyimi Alikuwa Mpishi

Kila alasiri baada ya masomo, Kalunde alimfunga punda mitungi ya maji na kuteremka naye hadi mtoni. Wakati wa kiangazi mto wenyewe huwa mchanga mtupu. Mtu huchimba, akasubiri maji yajikusanye, kisha akayachota taratibu kwa kikombe. Kazi hiyo ilichosha, na punda wa Susu Wayua alikuwa mkaidi kuliko punda wote wa upande ule wa Kathonzweni, lakini Kalunde hakunung'unika. Yeye na Susu, yaani nyanya yake, walikuwa wawili tu nyumbani. Mama yake alifanya kazi katika mashamba ya kunyunyizia maji kule Kibwezi, naye alikuja nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Zamani alikuwapo na mtu wa tatu. Mjomba Musyimi, kitinda mimba wa Susu, alikuwa mwanajeshi, na akija likizoni nyumba nzima ilijaa vicheko. Mwaka uliopita alipelekwa Somalia. Alirudi ndani ya jeneza lililofunikwa bendera. Wanajeshi waliomleta walipiga saluti, wakafyatua risasi hewani, wakasema amefia kazini, wakaondoka. Basi. Tangu siku hiyo Susu alikula kwa kulazimishwa. Kanisani, yeye aliyekuwa akianzisha nyimbo na kina mama wakamfuata, alikaa kimya akitazama sakafu.

Siku moja Mwalimu aliwataka wanafunzi wa Gredi ya Saba kila mmoja asimulie habari za mtu aliyeitumikia nchi yake. Kalunde alisimama akamtaja mjomba wake. Hajafika mbali, mwanafunzi mwenzake, Kyule, akainua mkono.

"Mwalimu, baba anasema Musyimi alikuwa mpishi wa jeshi. Mpishi naye ni shujaa? Kwani alipigana kwa mwiko?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu alimkemea Kyule vikali, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Kalunde alihisi uso ukimchoma. Ni kweli mjomba wake alikuwa mpishi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliona aibu juu ya jambo hilo. Ulimi hauna mfupa, wake ukateleza.

"Hujui kitu wewe," alisema. "Siku ile alitoka jikoni, akachukua bunduki ya mwenzake aliyeanguka, akawazuia maadui peke yake mpaka wenzake wote wakaokoka. Niliwasikia wale wanajeshi wakisimuliana siku ya mazishi."

Hakusikia lolote. Alikuwa ameyatunga pale pale, amesimama kando ya dawati lake. Lakini kicheko kilikatika, Kyule akainamisha kichwa, na Kalunde akaketi akiwa ameridhika.

Habari kama hizo hazikai darasani. Zilifika sokoni, na kila siku ya soko maadui aliowazuia Musyimi waliongezeka idadi. Jumapili iliyofuata Mchungaji alizitaja madhabahuni. Susu alipofika nyumbani alimwita mjukuu wake.

"Kalunde, mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utalia, Susu."

Naye Susu akalia kweli, lakini kisha akanawa uso na kuomba chakula. Kalunde alimpakulia, akashangaa kumwona akimaliza sahani. Jumapili mbili baadaye Susu alianzisha wimbo kanisani. Sauti ilikwaruza kwa kukaa bila kutumika, ila ilikuwa yake. Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Kalunde alijiambia kwamba uongo uliomrudisha Susu mezani hauwezi kuwa mbaya sana. Alijiambia hivyo mara nyingi, na mtu anayesema kweli hahitaji kujiambia kitu mara nyingi. Isitoshe, kuna nyakati Susu aliacha kazi ghafla akatikisa kichwa. "Musyimi wangu?" alikuwa akisema. "Yule aliyekuwa akitoroka tukichinja kuku?"

Mwaka ulipotimia tangu mazishi, familia iliandaa ibada ya ukumbusho ili kaburi lijengewe saruji. Siku chache kabla ya ibada Susu alitoka ndani na simu mkononi, macho yakimng'aa.

"Rafiki wa mjomba wako amepiga simu. Anaitwa Haroun, kwao ni Mwingi. Walikuwa pamoja siku ile ile. Atakuja Jumamosi. Nami nimemwomba Mchungaji akupe nafasi, usimulie yale uliyoyasikia. Haroun naye atashuhudia."

Kwa siku mbili Kalunde aliyapima mambo. Akisimulia, Haroun atajua papo hapo kwamba ni uongo, na Susu ataaibika mbele ya kijiji kizima. Akikiri mapema, Susu atarudi kwenye kimya chake, na safari hii huenda asitoke tena. Alifikiria kujifanya mgonjwa. Alifikiria kwenda Kibwezi kwa mama yake. Mwishowe aliona kwamba popote atakapokwenda, Susu atabaki peke yake na uongo ule, na hilo ndilo lililomshinda.

Ijumaa mchana walikuwa wakitwanga mahindi ya muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, cha kuwalisha wageni. Susu alishika mchi, Kalunde akapepeta makapi.

"Susu," alianza, akaweka ungo chini. "Susu, sikuwasikia wanajeshi wakisema chochote. Yale niliyasema mwenyewe. Kyule alimcheka mjomba kwa kuwa mpishi, nikaona haya, nikatunga."

Mchi ulisimama ndani ya kinu. Kuku walikuja wakadonoa punje zilizoruka chini, na hakuna aliyewafukuza. Kalunde alisubiri kofi. Angalau kofi lingekwisha. Lakini Susu alimtazama tu.

"Kumbe," alisema. "Nimekuwa nikimlilia mtu nisiyemjua."

Akaendelea kutwanga mpaka jua likatua. Kalunde alilia huku akipepeta, makapi yakimshika mashavuni.

Haroun aliwasili Jumamosi asubuhi kwa bodaboda, kabla ya wageni wengine. Alikuwa kijana mrefu aliyevaa kofia ya kufuma, na alichechemea mguu wa kushoto. Alimshika Susu mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Walimpa kiti kivulini. Alikunywa maji, akakohoa kidogo. "Dereva wa bodaboda amenisimulia njiani, jinsi Musyimi alivyowazuia maadui peke yake," alisema akiangalia kikombe. "Mama, mwanao alikuwa shujaa. Mambo ni kama wanavyosema, ni..."

"Ngoja," Susu alimkatiza. "Kabla hujasema, jua kwamba maneno hayo ni ya mtoto huyu. Ameniambia mwenyewe jana kwamba aliyatunga. Mimi ni mzee, Haroun. Usinifariji. Niambie mwanangu alikufaje."

Haroun alimgeukia Kalunde, aliyekuwa amesimama mlangoni akitamani ardhi impokee. Kisha akaweka kikombe chini.

"Hakuwa na bunduki, Mama. Alikuwa na birika la chai."

Akaeleza polepole. Kambi yao ilikuwa imevurumishiwa makombora tangu usiku, na wapishi waliamriwa wabaki ndani ya handaki. Alfajiri palitulia. Baridi ilikuwa kali, na walinzi waliokuwa ukutani hawakuwa wametia kitu tumboni tangu jana yake. Musyimi alisema walio kule juu ni watu, hawawezi kukesha na njaa. Akachemsha chai, akatoka.

"Mimi nilikuwa mmoja wa walinzi hao. Alinimiminia, akanitania kwamba nashika kikombe kama bibi harusi. Akaondoka kuelekea kwa wenzangu. Kombora likaanguka kati yetu." Haroun aligusa mguu wake. "Mama, kikosini kwetu mwaka ule Mwislamu nilikuwa peke yangu. Ramadhani nzima Musyimi aliamka kunipikia daku. Hakuna aliyemwamuru. Nilimwambia alale, nitakula mkate mkavu. Akasema kwao mtu haachwi ale peke yake gizani."

Susu alijifunika uso kwa leso. Mabega yalimtikisika, na Kalunde akadhani amemuua nyanya yake kwa huzuni. Lakini leso ilipoondoka, Susu alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja.

"Huyo ndiye," alisema. "Huyo sasa ndiye Musyimi wangu. Alipokuwa mdogo nilimtuma mtoni na viazi vyake vya mchana, akarudi na njaa kwa sababu amewagawia wachunga mbuzi wote. Nilimchapa kwa hilo. Ee Mungu, nilimchapa."

Alilia mpaka akatosheka, Haroun akiwa kando yake, na Kalunde akakaa chini akaegemea magoti ya nyanya yake. Safari hii Susu aliweka mkono juu ya kichwa chake.

Wageni walipojaa na ibada ikaanza, Mchungaji alimwita Kalunde. Aliwaona wenzake wa darasani, Kyule mbele yao. Hata hivyo alisema yote: kwamba alidanganya, na kwa nini, kisha akasimulia juu ya birika, na juu ya daku. Mzee mmoja alivua kofia. Baada ya ibada Kyule alikuja, akichorachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Nilikosea," alisema. "Mimi nisingetoka kwenye handaki."

"Hata mimi," alijibu Kalunde.

Jioni wageni walipotawanyika, saruji ya kaburi ilikuwa bado mbichi. Kalunde alimsaidia Susu kufukuza kuku wasiikanyage. Haroun alikuwa karibu kuondoka, na swali moja lilimkereketa Kalunde.

"Kaka Haroun, kama nisingekiri, ungesemaje?"

Haroun hakuficha. "Ningesema ni kweli. Nilishaamua nikiwa kwenye bodaboda. Ningeona namfariji mama, halafu ningerudi Mwingi na ile habari ya chai kifuani mwangu."

Basi Kalunde asingegundulika. Hakuna ambaye angejua kamwe, na hakuna ambaye angesikia habari ya birika.

Susu alimshika bega. "Umesikia, mjukuu wangu? Jana uliona unanivunja moyo, kumbe ulikuwa unanirudishia mtoto. Aliyekufa hana mdomo. Sisi tuliobaki ndio mdomo wake, naye hawezi kuja kutusahihisha. Kwa hiyo ukimsemea mtu aliye kaburini, msemee yaliyo yake, hata kama watu watacheka. Sifa ya uongo haimfikii. Inapelekwa kwa mtu mwingine, yeye anabaki amesahauliwa."

"Nimesikia, Susu. Nisamehe."

"Nilishakusamehe. Sasa mpakulie kaka yako chakula cha njiani, Mwingi ni mbali. Mjomba wako asingemwacha aondoke mikono mitupu."