Mgeni Aliyeitwa kwa Debe

Harufu ya ubani ilitangulia, na pale uani hapakuwa na chetezo wala kaa la moto. Nasteho aliinusa akaipuuza. Nani angehangaika na harufu usiku ule? Mwaka tisini na sita huo, na kambi nzima ya Hagadera ilikuwa nje. Shirika moja lilikuwa limewapa wakimbizi usiku mmoja wa sanaa: huku picha zimetundikwa kwenye nyua za miiba na kumulikwa kwa karabai, kule wanawake wanashindana kwa mashairi, naye na shoga yake Muslimo wanazurura mtaa hadi mtaa, wakicheka mpaka mbavu zinauma. Kwa Nasteho ilikuwa pia kwaheri. Alfajiri gari lingemchukua hadi Nairobi, na kutoka huko ndege ya Kanada, kwa mama yake ambaye hakumwona tangu vita viwatenganishe Mogadishu.

Uani pale watu walikaa duara, kila mwenye ufundi akijitokeza. Nasteho, kwa kiherehere chake, akanyakua debe tupu la mafuta, akapiga ngoma ya saar, ile ya kupandishia majini. Jamani, saar haipigwi kwa mchezo! Ikianza, jini huitika, na lazima aulizwe atakacho, apewe, aagwe. Nasteho alipiga mpaka mikono ikachoka, akaweka debe chini, akainama apigiwe makofi. Akapigiwa.

Muslimo peke yake hakupiga. Alikaa wima, macho hayapepesi.

"Walaal, ndugu yangu, twende," Nasteho alimnong'oneza.

"Ndiyo kwanza nimefika," ikajibu sauti ya mwanamume, kinywani mwa Muslimo.

Wakambeba hadi kwa Eddo Ebla, shangazi aliyejua kupunga majini. Ebla akafukiza ubani, akamkalisha kitako, akamsemesha kwa upole hadi jogoo wa kwanza akawika. Kisha akamgeukia Nasteho, sauti chini.

"Anasema alifuatana nasi kutoka Mogadishu, njia nzima, hakuna aliyemjali. Wewe umemwita. Anataka umpigie kila Alhamisi. Ukienda zako, anaikata pumzi ya huyu."

"Si umpigie wewe, eddo?"

"Nimemsihi, kakataa. Anasema mkono wangu haukumwita."

Honi ikalia barabarani. Nasteho akachukua begi lake, akajiambia huo ni uzee wa Ebla tu, akatoka. Na alipouvuka ua wa miiba akasikia nyuma yake kifua cha Muslimo kikikoroma, kikapiga mluzi, kikanyamaza, na Ebla akisoma dua haraka haraka, Nasteho akarudi hatua moja, pumzi ikarudi, akasonga tena mbele, ikakatika, na dereva kule akiita jina lake kwa hasira, na mama yake huko Kanada pengine tayari ameshamtandikia kitanda, na kwa kitambo kifupi Nasteho akamchukia Muslimo kwa moyo wake wote, akatamani angekuwa mtu asiyemjua.

Gari likaondoka. Nasteho alikuwa amekaa mkekani, kichwa cha Muslimo mapajani, machozi yakimtiririka asiyafute. Muslimo alikuwa akipumua vizuri. Mkono wake, baridi bado, ukainuka taratibu ukampapasa shavu.

"Usilie, walaal," ikasema ile sauti ya mwanamume. "Huku ugenini, hata mimi sikuwa na mtu."