Bodi Iliyotoka Mtoni

Nilitumwa dizeli saa ile watu wamekaa kungoja adhana. Ilikuwa Januari ya tisini na nane, katikati ya Ramadhani, na Garsen ilikuwa imezungukwa na maji ya mvua iliyokataa katakata kukatika. Nina kiu, nina njaa, nimebeba mtungi wa lita ishirini kwenye tope la magotini, na moyoni namtukana Bwana Abdulhakim. Sijui kama saumu yangu ya siku ile ilihesabiwa. Namtukana mpaka leo.

Abdulhakim alikuwa mkuu wa ofisi yetu ya msaada. Mimi, Hiribae, nilikuwa fundi wake wa kila kitu: jenereta, pampu, kompyuta. Alfajiri ya kesho yake boti ilitakiwa kwenda Kau na magunia ya unga. Watu wa Kau walikuwa wiki ya tatu wamezingirwa na maji kama kisiwani, wanachemsha mizizi ya mayungiyungi na kuwapa watoto. Lakini sheria ya shirika ilikuwa moja: hakuna orodha iliyochapishwa, hakuna unga. Orodha ya Kau ilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa imekufa.

Jenereta ndiyo iliyoiua. Umeme uliruka, ile bodi kubwa ya ndani inayobeba vifaa vyote ikaungua. Diski yenye majina ilipona. Nilihitaji bodi nyingine tu, na bodi nyingine ilikuwepo.

Ilitoka mtoni.

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Karani wetu, Jilo, aliyezunguka Kau nyumba kwa nyumba kuandika majina yale, alitumwa Kipini kuleta kompyuta ya pili. Boti ilikuwa na tundu. Jilo alisema, na mimi nikasema. "Zibeni na tambara," Abdulhakim akajibu, wala hakuinua macho. Wakati wa kurudi boti ikapinduka kwenye kona ya matete, karibu kabisa kufika nyumbani. Nahodha aliogelea, akaja mbio kutuita.

Tulifika na mtumbwi jua likizama. Kompyuta ilikuwa imenasa kwenye matawi, imefungwa nailoni. Abdulhakim aliimulika na tochi.

"Chukueni hiyo kwanza."

Tukaichukua. Tulipoipakia akasema giza limeingia, mamba wametoka, turudi, tutakuja kesho. Kesho maji yakapanda, na keshokutwa yakapanda zaidi. Siku tisa zikapita. Kompyuta ilitafutwa, Jilo hakutafutwa.

Sisi wa mto huu, Waorma kwa Wapokomo, tuna jambo moja tuliloachiwa na wazee wetu. Kitu kilichozama pamoja na mtu hakiingizwi chini ya paa kabla mwenyewe hajaletwa. Hata kama ni sufuria, kinaachwa ukingoni. Nilijua. Kila mtu pale alijua. Lakini ilikuwa bodi, si sufuria, na mimi nilikuwa nimesoma Mombasa mwaka mzima, nikajiona mjanja. Niliianika juani siku tatu, nikaipiga mswaki nikatoa mchanga, nikaiingiza ndani.

"Wewe Hiribae," akasema Tuneya jioni ile niliporudi na dizeli. Tuneya ndiye aliyekuwa akishika redio ya mawasiliano, meza yake ilikuwa pembeni ya yangu. "Hiyo kitu umeingiza ndani. Na mwenyewe yuko wapi?"

"Mwambie mkubwa wako."

"Mimi nakuambia wewe."

Nilikaza skrubu ya mwisho. Adhana ikasikika. Nikafungua kwa tende moja na maji, nikavuta kamba ya jenereta, nikarudi ndani kuwasha.

Kioo kikawaka. Halafu kikagoma.

Hilo nililitarajia. Wakubwa wa Nairobi walikuwa wamefunga mfumo wa kompyuta zote za shirika ili usinakiliwe ovyo. Ukibadilisha kifaa kikubwa, mashine inajiona si ile ya jana, na haifunguki. Inakupa namba ndefu. Wewe unaisoma kwa redio, Nairobi wanakujibu kwa namba nyingine, unaiingiza, kazi inaendelea. Kwa wengine ni dakika kumi.

"Nairobi, Nairobi, hii ni Garsen, ova," Tuneya akaita.

Kimya.

Akaita tena, na tena. Redio ilikwaruza tu. Abdulhakim akatokea mlangoni, sambusa mkononi, mafuta kidevuni.

"Orodha nataka kabla ya isha. Bila orodha, boti haiendi."

"Nairobi hawajibu."

"Hiyo si shida yangu. Wewe ndiye fundi."

Halima, mke wa Jilo, alikuwa kwenye orodha ile pamoja na watoto wake watatu. Jilo aliwaandika mwenyewe. Nilimtazama yule mtu akilamba vidole, nikatamani kumpiga na bisibisi.

Ndipo nikasikia harufu.

Tope. Tope la chini kabisa mtoni, na matete yaliyooza. Nikatazama viatu vyangu, nilikuwa nimeviacha nje. Harufu ilitoka kwenye kompyuta, kule nyuma feni inakotoa joto.

Redio ikaacha kukwaruza.

Tone... tone... tone... Maji yanadondoka kwenye maji.

"Garsen," sauti ikasema. "Soma namba yako."

Tuneya alivua vidude vya masikioni taratibu na kuviweka mezani. Sauti ikaendelea kutoka kwenye spika. Hakunitazama.

Nilisoma. Ungefanya nini? Watu walikuwa na njaa na namba ilikuwa mbele yangu. Nikasoma mpaka mwisho, na sauti ikanirudishia namba ileile, mbili mbili. Arobaini na moja, umepata? Sifuri saba, umepata? Sitini na tatu, umepata?

Mtu mmoja tu katika mto ule alisoma namba hivyo. Tulikuwa tukimcheka.

"Zima hiyo," akanong'ona Abdulhakim. Sambusa ilikuwa sakafuni.

"Namba yako nimeipata," sauti ikasema. "Ya kwangu sijakupa. Hiri... siku ile uliniona?"

Hakuna mwingine aliyeniita Hiri.

Niseme nini? Redio ile ilisikika Hola, Kipini, Bura, kila kituo cha mto. Kila karani aliyekuwa akifuturu pembeni ya mashine yake alikuwa anasikiliza. Na kioo mbele yangu kilikuwa kinangoja namba, kimetulia.

"Usijibu," Abdulhakim akasema, akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Tuneya akaupiga ule mkono kwa rula ya chuma. Mkubwa wake wa kazi, na aliupiga kweli.

"Nilikuona," nikasema. Hasira ilinitoka pamoja na machozi, hasira ya siku tisa. "Niliona mkono wa shati lako kwenye matete. Shati la bluu. Huyu akasema turudi, kompyuta tumeshapata. Nikanyamaza. Nilimwogopa, niliogopa mamba, nikanyamaza. Tumeleta kompyuta, wewe tumekuacha. Kesho boti itapita pale kwanza. Wallahi itapita pale kwanza."

Tone... tone...

Kisha namba ikaja, mbili mbili, taratibu, umepata, umepata, umepata. Niliiingiza kwa vidole visivyokuwa vyangu. Kioo kikafunguka. Printa ikaanza kulia na majina ya Kau yakatoka, nyumba kwa nyumba, jinsi alivyoyaandika. Karatasi zilikuwa na unyevu.

Abdulhakim hakuwepo tena mlangoni. Tulibaki mimi na Tuneya.

"Nyinyi mnasema Ramadhani mashetani yamefungwa," akasema.

"Yamefungwa."

"Basi huyo alikuwa nani?"

Nikazikusanya karatasi, nikazipanga nyumba kwa nyumba.

Alfajiri boti ilipita kwenye kona ya matete. Jilo alikuwepo, nusu ndani ya maji, na mamba hawakumgusa. Alikuwa amejifunga kwenye shina la mti kwa kikoi chake ili mkondo usimchukue, mafundo mawili, moja juu ya jingine. Nahodha aliligusa fundo akaniangalia. Alikata kikoi kwa kisu. Tukamfikisha Kau pamoja na unga, akazikwa mchana ule ule, na watoto wake walikula siku ile.

Halima aliniita pembeni, nyuma ya nyumba. Walikuwa na redio ya shirika pale Kau. Alikuwa amesikia yote.

"Ndugu yangu Hiribae," akasema kwa sauti ya chini. "Ulipomwona, alikuwa ameshakufa?"

"Alikuwa ameshakufa, dada yangu."

Akaitika kwa kichwa. Akanishukuru. Alinishukuru, mimi.

Abdulhakim hakuulizwa na mtu. Alihamishiwa ofisi nyingine, akapewa gari jipya, na nilipokutana naye baadaye alinisalimia kwa jina. Ningejua dua ya kumkausha mtu mkono ningeisoma pale pale. Nairobi nao waliandika barua. Walisema chumba chao cha redio kilifungwa saa kumi jioni siku ile, na hakuna aliyeipa Garsen namba yoyote. Walitaka kujua tuliufunguaje mfumo wao. Tuneya aliichana barua, akaacha kazi, akarudi kwao kulima.

Mimi nilibaki. Bodi bado iko ndani. Sijabadilisha kitu kingine, hata skrubu. Lakini kila magharibi, adhana ikiisha, kioo kinagoma kama siku ile, kinatoa namba, kinangoja. Harufu ya tope inapanda. Nimejaribu kuchomoa waya wa redio na kuutoa nje. Spika inasikika ikidondosha maji vilevile.

"Malizia, Hiri," inasema.

Najibu nilishamaliza. Nilisema mbele ya mto mzima. Namtaja Abdulhakim, namlaani, nasema yeye ndiye aliyetuma boti mbovu, yeye ndiye aliyesema turudi. Yote kweli. Sauti inanisikiliza mpaka nichoke.

"Malizia."

Jana Halima alikuja Garsen na mtoto wake mkubwa. Akapita ofisini kunisalimia, akakaa kwenye kiti cha Tuneya. Jua likazama. Adhana ikaisha. Nikaona kioo kinabadilika, nikasikia tone la kwanza. Halima naye akalisikia, maana aligeuka akaitazama spika, kisha akanitazama mimi. Alingoja tu.

Nilisema niliona mkono wa shati kwenye matete. Sikusema kwamba ulikuwa unapunga.