Kilima cha Oksijeni

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, mtafiti Ragnhild Sletten alifungua tangi la shabaha katika maabara yao ya Oslo, akapiga ukelele. Kile kipande cha madini adimu kinacholengwa na mashine, chembamba kuliko ganda la kitunguu, kilikuwa kimegeuka unga mweupe. Vali ya hewa ilikuwa imelegea.

Saa tatu, mkuu wa maabara, Profesa Aasgaard, alikuwa na barua ya kufukuza kazi mezani. Mbele yake alisimama Torleiv Myhre, mtunza jengo, miaka ishirini na miwili funguo zilezile kiunoni.

"Kadi yako imeingia mle jana Jumapili, saa nne asubuhi. Umegusa vali."

"Nilipiga deki. Vali yenu siijui wala siitaki."

"Saini, mzee, tusisumbuane."

Torleiv hakuishika kalamu. Mkewe Gudny alipokufa, wakubwa hawa walileta maua siku ya nne baada ya mazishi, tena yamenyauka. Tangu hapo hakuwaamini hata wakisema kunanyesha.

"Nipe mpaka saa sita."

Akamfuata Ragnhild. "Hebu nieleze, dada, kama mtu ambaye shule ilimshinda. Mnapima nini?"

"Kiini cha atomi tunachokitafuta kinakufa kabla hujakigusa, hatuwezi kukirushia nyutroni tuone kinavyoimeza. Kwa hiyo tunampiga jirani yake aliye imara, tunasoma miale anayotoa. Kwa miale hiyo tunapiga hesabu jinsi kile kingemeza nyutroni ndani ya nyota."

"Basi na mharibifu tumpime hivyohivyo. Hewa ikiingia, miale inabadilika?"

"Oksijeni huchomoza kama kilima kwenye mchoro. Palepale siku zote."

"Nitolee michoro ya kila saa, tangu Ijumaa."

Saa sita kantini ilijaa. Torleiv alibandika michoro ukutani.

"Ijumaa saa tisa na robo, mashine inapumzishwa. Kilima hakuna. Saa kumi inawashwa, hiki hapa! Jumapili nilipoingia na ndoo yangu, kilikuwa na siku ya pili."

"Ragnhild naye ana ufunguo wa tangi," alidakia Profesa.

"Ijumaa, saa tisa mpaka kumi, nani huoka mikate ya vaffel hapa?"

"Wewe!" Watu walicheka.

"Ragnhild alikula tatu mbele yangu, akalamba na jemu. Funguo za tangi ni tatu tu: wangu, wake na wa Profesa. Sasa sahani ya nani niliirudisha jikoni haijaguswa, jibini ya kahawia imekaukia juu?"

Profesa alivua miwani.

"Kulikuwa na mgeni wa wizara. Alitaka picha, ameshika shabaha. Nilidhani nimeikaza vali."

"Miezi mitano ya kazi yangu!" alisema Ragnhild.

"Ungesema leo asubuhi, ingekuwa bahati mbaya," alisema Torleiv. "Ukaogopa aibu, ukaona heri nifukuzwe mimi."

Profesa aliichana barua, akanyoosha mkono. Torleiv aliuwekea kitabu cha kumbukumbu za maabara.

"Andika kwanza. Saa, vali, jina lako."

Akaandika, wote wakimtazama. Torleiv akazitikisa funguo kiunoni, akaelekea mlangoni.

"Na Ijumaa," akasema bila kugeuka, "unga wa vaffel utaukoroga wewe."