Kikaango Kilichochomwa Kama Kibuyu

Haya yametokea kweli, kila neno. Yametokea hapa Kabianga, nyumba ya mlango wa buluu. Ukibisha, njoo uulize. Mbwa wa hapo haumi. Mwenye nyumba ndiye huuma, tena kwa maneno.

Mwenye nyumba ni Mzee Kipngetich. Alistaafu kazi ya kukausha majani chai kiwandani. Siku hizi ana kazi tatu: kukamua ng'ombe, kuchuma chai na kudanganya watu. Hiyo ya tatu haina likizo.

Asubuhi moja mke wake, Rodah, alijitwika kikapu cha majani chai aende kuyapima kituoni.

"Baba Chepkosgei, angalia vifaranga. Si vyetu, ni vya kikundi. Jumamosi kina mama wanagawana. Hata kimoja kisipotee."

"Mimi niliwahi kulea vifaranga mia nane ndani ya kofia."

"Wewe lea hivi thelathini tu."

Vifaranga vilikuwa kwenye katoni jikoni, karibu na gesi. Nje mvua ilinyesha. Dirisha lilifungwa kwa sababu ya baridi.

Mezani kulikuwa na kikaango kipya cha nonstiki. Binti yao, Chepkosgei, alikuwa amekituma. Kilikuwa cheusi, laini, kidole hakikai. Kipngetich akakinusa. Kilinuka duka.

"Chombo kipya lazima kitengenezwe," alijiambia.

Kwao, kibuyu kipya cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, hakitiwi kitu hivi hivi. Husuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet mpaka harufu ya ugeni itoke. Alikuwa ametengeneza vibuyu miaka hamsini. Kikaango ni nani akatae?

Akakiweka kitupu juu ya gesi. Akafungua moto wote. Akatia makaa ya senetwet, akasugua kwa kijiti. Utando mweusi ukakwaruzika. Dakika chache zikapita. Moshi mwembamba ukapanda. Haukuwa moshi wa senetwet. Huu ulikuwa mkali na ulimkwaruza koo.

Kifaranga kimoja kikalala. Cha pili kikalala, mdomo wazi. Cha tatu kikarusha miguu, kikanyamaza.

"Baridi!" alisema Kipngetich. Akasogeza katoni karibu zaidi na moto.

Cha nne. Cha tano.

Angemwambia Rodah nini? Akapiga kelele kwenye kioo cha dirisha. "Gordon! Njoo mbio!"

Gordon ni jirani aliyetoka ziwani, fundi wa mabomba kiwandani. Aliingia na matope yake.

"Mzee, vimekula nini hivi?"

"Hakuna. Ni baridi, naapa."

Gordon alinusa. "Hapa kuna kitu kinaungua."

"Ni uji wa jana."

"Mzee, hadithi utanipa kesho. Ukidanganya dakika moja, kingine kinakufa. Umeweka nini motoni?"

Kipngetich aliangalia katoni. Saba havikusogea. Cha nane kilihema kwa shida. Akaweka chini kijiti alichokuwa bado amekishika.

"Kikaango," alisema polepole. "Kitupu, makaa tu. Nakitengeneza kama kibuyu."

Gordon alizima gesi na kunyakua katoni. "Fungua mlango na madirisha yote! Kisha utoke, usivute hiyo hewa!"

Wakaketi barazani, mbali na ule moshi. Gordon alivua koti akafunika nusu ya katoni. Kipngetich alikohoa. Macho yake hayakutoka kwa kile cha nane.

"Umeua saba," alisema Gordon.

"Wewe mtu wa samaki unajua nini kuhusu kuku?"

"Kuku sijui. Najua hii." Gordon alitoa mfukoni tepu nyeupe ya kuzungushia maungio ya bomba. "Hii na utando wa kikaango chako mara nyingi ni kitu kimoja. Kinateleza. Chakula hakishiki, maji hayashiki. Ndiyo maana unakaanga yai kwa mafuta kidogo tu."

"Kumbe tumeletewa sumu!"

"Si sumu ukikitumia vizuri. Lakini ukikichoma kitupu kwa moto mkali, utando unaharibika na kutoa hewa mbaya. Ndege hufa haraka. Hata wewe, ukisikia homa na kifua kikibana, nenda hospitali uwaambie ukweli."

"Sasa kinatumiwaje?"

"Moto wa kati. Mafuta au chakula kwanza, ndipo moto. Mwiko wa mbao, si kijiko cha chuma. Sponji laini, si waya. Kikikwaruzika hivi, nunua kingine. Na vifaranga vitoke jikoni, Mzee."

Kile cha nane kiliinua kichwa. Kikaanguka. Kikainuka tena, kikalia "pii!" Kipngetich akashika mkono wa Gordon asijue ameushika.

Ndipo Rodah akafika. Kipngetich alisimama upesi.

"Mama Chepkosgei! Mwewe! Mkubwa kama mbuzi! Amekuja, akakamata saba..."

Rodah alichungulia katoni. "Akakamata saba, kisha akavipanga hapa vyote saba?"

Gordon alianza kukagua mvua. Rodah aliingia jikoni, akatoka na kikaango kimejaa makaa. Kipngetich akasema yote, kuanzia uongo wa kofia hadi kijiti.

Siku hiyo hiyo katoni ilihamia stoo, penye taa ya joto na hewa safi. Vifaranga ishirini na vitatu vikapona. Kikaango kile hawakukipikia tena. Walinunua kingine, nacho hukaa kwenye moto wa kati, mwiko wa mbao kando yake, na mayai huteleza yenyewe hadi kwenye sahani.

Jumamosi kina mama walikuja. Jerusa, mwenyekiti wao, alihesabu.

"Saba viko wapi?"

Kipngetich alikohoa. "Kulikuwa na mwe..."

"Baba Chepkosgei," alisema Rodah. "Kuku wako saba wanasubiri kulipia vile vifaranga. Fungua banda, funga mdomo."

Akalifungua.