Satini Nyeupe ya Fundi Poda

Kila asubuhi, kabla ya kuketi kwenye cherehani, fundi alijipaka poda viganjani. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Poda. Wengine walisema anajipenda mno. Hawakujua kwamba chini ya ile poda mikono yake ilikuwa ikivuja jasho, hata siku za baridi.

Ilikuwa hivyo tangu utotoni. Shuleni madaftari yake yalilowa. Kazini sindano zake zilipata kutu upesi. Kusalimiana kwa mkono ndiyo usiseme. Mteja akinyoosha mkono, fundi alidaka tepu na kujifanya ana haraka ya kupima. Nguo za rangi alizimudu. Nguo nyeupe alizikwepa.

Kisha binti yake akapata mchumba.

"Baba, gauni langu la harusi utashona wewe," binti alisema. "Sitaki fundi mwingine."

"Mwingine nani? Mimi niko hapa kwa kazi gani?"

Fundi alinunua satini nyeupe pe. Aliikata vizuri. Lakini alipoanza kushona, wasiwasi ulimjaa na mikono ikazidi kulowa. Akaongeza poda. Poda na jasho vikawa uji. Alipoliinua gauni, alama za vidole vyake zilikuwa pale kifuani, za kijivu. Alilifua. Zikabaki. Akalikunja na kulificha chini kabisa ya sanduku.

"Nimezidiwa na kazi," alimwambia binti yake. "Nenda kwa fundi wa pale kona."

"Kazi za watu, baba? Na mimi je?"

Fundi alikanyaga cherehani kwa nguvu, akajitia hasikii.

Harusi ikafanyika. Binti alipendeza, lakini gauni lilimpwaya mabegani. Fundi aliliona hilo kila bibi harusi alipogeuka, na chakula kikamshinda. Tangu siku hiyo, binti akija nyumbani alikaa jikoni na mama yake. Kwa baba ilikuwa salamu na kwaheri, basi.

Mwaka uliofuata, nesi mmoja alihamia nyumba ya jirani. Akaja na kitambaa cha sare ya kazi. Kilikuwa cheupe.

"Nyeupe sishoni," fundi alisema haraka.

"Makubwa! Fundi gani anachagua rangi?" nesi alicheka.

Fundi alipomrudishia kitambaa, mikono yao iligusana. Nesi akakishika kiganja chake na kukigeuza. Kilikuwa kimelowa, tena kina mipasuko.

"Hii mipasuko ni ya nini?"

"Limau na chumvi. Niliambiwa vinakausha jasho."

"Vimekausha?"

"Vimeniunguza tu."

Nesi akaacha kucheka. "Jasho hili lilianza lini?"

"Tangu nikiwa mdogo. Mikono yote miwili, na nyayo pia."

"Na ukilala?"

Mke wa fundi, aliyekuwa akishona vifungo, akadakia. "Akilala inakauka kabisa. Mimi ndiye shahidi."

"Basi sikiliza, fundi," nesi alisema. "Huu si uchafu wala woga, na hujarogwa. Ndani ya ngozi kuna tezi zinazotoa jasho. Zako zinafanya kazi kupita kiasi. Mara nyingi jambo hili huwa la ukoo. Na tiba ipo."

"Tiba?" Fundi aliduwaa. "Miaka yote hii?"

"Njoo kliniki upimwe, maana jasho jingine huletwa na magonjwa mengine. Mtu likimwanza ghafla ukubwani, au likimlowesha usingizini, au akikonda bila sababu, asingoje."

Fundi alikwenda. Daktari alimpima damu, hakuona ugonjwa mwingine. Akampa dawa ya kupaka yenye chumvi ya alumini, si ile ya jikoni.

"Ngoja kwanza mipasuko ipone," nesi alimweleza. "Kisha uwe unapaka wakati wa kulala, mikono ikiwa mikavu kabisa. Asubuhi unaosha. Ikikuwasha sana, acha, uje utuone."

Dawa ilipunguza jasho, lakini haikulimaliza. Daktari akamwanzishia tiba ya mashine. Fundi aliweka viganja kwenye trei za maji, na umeme mdogo sana ukapita majini. Alihisi kama sisimizi wanatembea viganjani mwake.

"Usije ukachomeka waya kwenye beseni nyumbani!" nesi alimwonya. "Umeme huo utakukausha mzima mzima."

Alirudi kliniki mara kwa mara, kama alivyoagizwa. Siku moja alishika sindano tangu asubuhi, na jioni vidole vyake vilikuwa bado vikavu. Alifurahi. Halafu moyo ukamuuma. Kumbe tiba ilikuwepo hata kabla ya harusi! Kliniki ile alikuwa akiipita kila alipokwenda kununua uzi. Angeuliza tu.

Binti yake alipokuja tena, alikuwa mjamzito. Fundi alimwita kwenye chumba cha kazi. Akatoa satini sandukuni na kuikunjua mezani.

"Hili ndilo gauni lako," alisema. "Nililiharibu kwa jasho langu. Nikaona aibu, nikakudanganya. Nisamehe, mwanangu."

Binti alipitisha kidole juu ya zile alama.

"Nilidhani humtaki mume wangu," alisema. "Nililia mpaka siku yenyewe ya harusi. Baba, kwa nini hukuniambia? Ningelivaa hivi hivi."

Maneno hayo yalimuunguza fundi kuliko limau.

"Na mtoto akitoka na mikono ya babu yake?" binti aliuliza.

"Limau hatapakwa. Nitampeleka kliniki mwenyewe, nimemshika mkono." Fundi akachukua mkasi. "Harusi siwezi kuirudisha. Lakini satini ipo. Nitamshonea nguo yake ya kwanza. Nitakata pale palipo safi."

Binti akamshika mkono ili kumzuia. Akashtuka. Akakifungua kile kiganja na kukitazama. Kilikuwa kikavu. Akakiweka shavuni kwake, kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu azaliwe.

Kisha akaonyesha alama moja ya kijivu, pale kifuani.

"Kata, baba," alisema. "Lakini hii iache. Mtoto ataivaa."