Masizi Juu ya Mlango

"Ooko, ni nani anapika kwa simba yako?"

Gordon aliuliza hivyo akiwa ameinama juu ya kijumba kimoja mezani, kete bado ziko mkononi. Wachezaji wengine waligeuka kumtazama Ooko. Nekoye, aliyekuwa anataka kufungua katoni ya nyumba ya pili, akainua kichwa.

"Kwani moshi iko na makosa?" aliuliza. "Nimepaka vile niliona kwa picha. Juu ya mlango, chini ya mabati. Angalieni vile inafifia."

"Umepaka poa sana," Gordon akasema. "Hiyo ndiyo shida."

Kila Jumamosi jamaa hawa walikutana nyuma ya duka la Gordon la kutengeneza simu, pale Nyamasaria, kucheza vita vya mezani: askari wenye urefu wa kidole, kete, na vijumba vya kujificha nyuma yake. Vijumba ni kazi ya Nekoye. Vingine alivichagua soko la Kibuye kwenye marundo ya vitu vya watoto, akihakikisha kwanza kwamba mlango unamtosha askari, vingine aliviunda kwa kadibodi. Kisha akavizeesha, maana nyumba inayong'aa mezani haimdanganyi mtu. Kutu aliipaka kwa kudonoa na sponji, tope lilikuwa udongo wenyewe na gundi, na masizi yalikuwa unga wa makaa.

Safari hii oda ilitoka kwa mpenzi wake mwenyewe. Ooko alitaka boma la kwao Usenge. Alimpa picha moja tu, ya simba yake. Nyumba ya mamake alimweleza kwa mdomo.

"Shida gani, Gordon?"

"Wewe ni Mbukusu, shemeji, huwezi jua. Kwetu Wajaluo simba ni nyumba ya kijana hajaoa, ndani ya boma ya babake. Analala tu hapo. Chakula anakula kwa mamake. Simba ikianza kutoa moshi, jua kuna bibi ndani."

Mmoja alicheka, akajikuta peke yake. Ooko aliichukua ile simba ndogo, akaifunika kwa kiganja.

"Ni mchezo tu, bana. Tupa kete."

"Na mimi nakuuliza," Nekoye akasema. "Nani anapika?"

"Tutaongea."

"Si tuongee sasa?"

"Nekoye, tafadhali. Si hapa."

Nekoye alichukua katoni yake, nyumba ya pili ikiwa bado ndani, akatoka bila kuaga.

Ujumbe wa kwanza wa Ooko ulimkuta nyumbani, sufuria bado haijapanda jikoni.

"Si vile unafikiria."

"Sijakwambia nafikiria nini."

"Nipe mpaka Desemba."

"Desemba ya mwaka gani? Pasaka tulikuwa twende kwenu, ukaghairi. Agosti ukaghairi. Ni nani sitakiwi kumwona?"

Alama mbili za bluu zilitokea: ameusoma.

Sasa Nekoye alikuwa na ugonjwa mmoja. Hawezi kuona kitu kilichochakaa akaacha kujiuliza kimechakaa vipi. Aliikuza ile picha mpaka ikawa madoa. Moshi wa juzi huwa wa kijivu. Huu ulikuwa mweusi, unang'aa, umeshika mafuta ya samaki. Ulikuwa moshi wa miaka. Kama kuna mke pale, basi mgeni ni yeye Nekoye. Alilia kwa wivu kama mtoto, kisha akanawa uso akaitazama picha tena. Chini ya ukuta kulikuwa na mstari wa kahawia, umenyooka, unafika magotini. Alikuwa ameupaka kama tope. Lakini tope hurukaruka, halinyooki hivyo.

"Nitaenda nijionee," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu.

Kesho yake, kanisa lilipotoka, alishika njia ya Usenge. Katoni aliibeba, mwenyewe hajui kwa nini. Ufuoni alimuuliza mama aliyekuwa anageuza omena juu ya wavu, naye akamnyooshea kidole bila maswali.

Alilolikuta halikufanana na maelezo ya Ooko. Ziwa lilikuwa limeingia bomani. Nguzo za lango zilisimama majini, matete yakiwa yamezizunguka. Nyumba iliyobaki ilikuwa moja tu, simba, na moshi ulikuwa unatoka.

"Hodi!"

"Karibu. Ni nani?"

Alitoka mama mzee, mwiko mkononi, anafuta macho kwa leso. Nekoye alikuwa amejiandaa kwa msichana. Maneno aliyoyapanga njia nzima yakamponyoka yote kwa pamoja.

"Natafuta bibi ya Ooko."

"Hata mimi namtafuta," mama akacheka. "Wewe umemwona wapi?"

"Kwani... wewe ni nani, mama?"

"Selpha. Mamake Ooko. Na wewe?"

"Nekoye. Natoka Bungoma."

"Yawa! Yule wa manyumba ndogo ndogo?"

"Anakwambia juu yangu?"

"Kila akipiga simu. Nikimwambia akulete, anasema network imepotea."

Nekoye alitaka kucheka, lakini bado alikuwa na hasira.

"Mama, nyumba yako iko wapi?"

Selpha alinyoosha mwiko kuelekea ziwani.

"Pale yule ndege amekaa. Maji ilikuja polepole, ikakataa kurudi. Ikafika mpaka hapa," akagusa ule mstari wa kahawia kwa mguu, "ikasimama, ikashuka kidogo tu. Ndio nikaingia kwa simba. Mama kulala kwa nyumba ya kijana wake, kwetu ni mwiko, mwanangu. Kitanda yake sijawahi gusa. Nalala kwa mkeka, karibu na moto. Ooko akikuja analala kwa jirani yetu Perez. Anaona haya mpaka hawezi kuniangalia."

"Na kwa nini hajakujengea ingine?"

"Wapi? Hapa ni maji. Shamba tuko nayo kule juu, lakini babake Ooko alishakufa, na kufungua boma mpya, mwanaume huenda na bibi yake. Haendi peke yake. Nikamwambia alete bibi, mimi nitahamia kwa Perez. Akasema hawezi kuleta msichana wa watu aone mamake akitolewa kwa nyumba."

Hasira ya Nekoye ikakosa pa kukaa. Alifungua katoni, akamtolea ile nyumba ya pili, ya udongo na mabati yenye kutu, inayotosha viganja viwili. Selpha aliipokea, akaigeuza huku na huku. Kidole chake kikasimama mlangoni.

"Mlango ilikuwa ya bluu," alisema mwishowe.

"Ooko alisema kijani."

"Ooko alikuwa anaangalia ziwa tu, mlango angejulia wapi? Na moshi umepaka katikati. Yangu ilikuwa inaenda upande. Upepo ya ziwa ilikuwa inaisukuma."

Akaingia ndani, akarudi na masizi kwenye kidole, akapaka. Mpako mmoja tu, wa mshazari. Nekoye akainama kuona. Miaka yote ya kupaka moshi, upepo hakuwahi kuufikiria hata siku moja.

"Hapo sasa," Selpha akasema, na machozi yakamtoka. "Hapo sasa ni kwangu."

Simu iliita. Ooko.

"Nekoye, uko wapi? Nimekuja kwako nikakosa."

"Niko Usenge. Naonyeshwa vile moshi hupita."

"Umeona," Ooko akasema.

"Nimeona. Kwa nini ulinificha?"

"Mwanaume gani hana hata mahali mamake analala? Niliogopa utaenda."

"Nilikuwa karibu kwenda kwa sababu hukusema! Jana nimelilia mke hayuko, Ooko."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini unaniuliza ama huniulizi?"

"Kukuuliza nini?"

"Mama anasema boma mpya haifunguliwi na mtu mmoja."

Ooko alishusha pumzi mpaka ikasikika kwenye simu.

"Nekoye. Utaenda na mimi?"

"Uende kwanza kwa baba Bungoma, na wazee wako. Ukirudi, nitaenda. Na usiniambie tena Desemba."

"Mwambie aje na misumari," Selpha akadakia, anajifuta uso.

Ooko alikwenda Bungoma, akarudi amepewa idhini. Baada ya harusi, siku ya kufungua boma, kama desturi inavyotaka, yeye alibeba jogoo na shoka, Nekoye akabeba moto. Nyumba ya mama ilisimama kule juu, mbali na maji, mlango wa bluu. Ile ndogo Gordon aliipigania iwe mezani kwake, akanyimwa. Selpha aliiweka dirishani.

Miezi ilipita. Siku moja Nekoye alisimama nje ya mlango ule wa bluu, shingo ameinua kutazama doa jeusi la kwanza chini ya mabati.

"Mama, imeanza."

"Nini?"

"Moshi. Na inaenda upande, vile ulisema."

Selpha alichungulia, mwiko mkononi.

"Wacha ifanye kazi yake," alisema. "Na hiyo brashi yako uiache kwa mfuko."